Batiki inayochuja: siki haiokoi rangi ambayo haikuingia kwenye uzi

"Habari za kazi, mwalimu. Sisi ni akina mama sita wa hapa Mbeya, tunatengeneza batiki mwaka wa pili sasa. Kitambaa tunanunua soko la Mwanjelwa, tunaambiwa ni kotoni tupu. Rangi tunapika kwa kostiki, ile soda kali, na haidro, ule unga wa kuyeyushia rangi, kama tulivyofundishwa: vijiko viwili vya rangi, viwili vya kostiki, vinne vya haidro, ndoo ya maji. Nguo ikitoka inapendeza, lakini wateja wanarudisha. Wanasema inachuja, mistari myeupe inageuka zambarau, ikifuliwa mara tatu imepauka. Mwezi wa sita na wa saba ndiyo balaa. Tumeongeza rangi, haikusaidia. Tukaambiwa tutumie siki na chumvi. Mwenzetu akamimina siki kwenye beseni la rangi, akakohoa hadi tukamtoa nje. Wengine wanasema magome ya miwati ya Njombe ndiyo yanayokamata rangi. Tuna vipande 40 vimelala ndani. Tufanye nini?"

Dada yangu, nianze na huyo mwenzenu, maana batiki inaweza kusubiri. Haidro ikikutana na tindikali yoyote, siki au ndimu, hutoa gesi ya salfa dayoksaidi. Ndiyo ile harufu kali ya kiberiti kinapowashwa, ila hapo huja nyingi kwa mpigo. Gesi hiyo hubana mirija ya pumzi, na kwa mtu mwenye pumu inaweza kumlaza hospitali. Kama bado anakohoa, kifua kinalia au anachoka akipanda kilima, asikae nyumbani kunywa tangawizi. Aende hospitali na amweleze daktari kwamba alivuta moshi wa haidro na siki. Kuanzia leo siki isiingie kwenye chumba mnachopikia rangi.

Sasa tuje kwenye rangi. Swali lako lote, nikilisoma vizuri, limebeba dhana moja: kwamba rangi imeshaingia kwenye nguo, imekosa tu kitu cha kuifunga isitoke. Ndiyo maana mmetafuta siki, chumvi, sasa miwati. Wengi wanaamini hivyo, na huko ndiko fedha za vikundi zinakopotelea. Kwa rangi mnazotumia ninyi, nguo inayochuja ni nguo ambayo rangi haikuingia ndani ya uzi tangu mwanzo. Imekaa juu kama vumbi la barabarani kwenye kioo cha gari. Hakuna dawa ya kulifunga vumbi hilo baadaye. Kinachowezekana ni kurekebisha kile kinachotokea ndani ya beseni, katika dakika zile chache nguo inapokuwa humo.

Uzi wa pamba, ukiuangalia kwa ndani, ni minyororo mirefu ya selulosi iliyolala ubavu kwa ubavu. Ukiulowesha unavimba, na kati ya minyororo hiyo hubaki vijinafasi ambamo maji hupita. Kitu kilichoyeyuka kwenye maji kinaweza kupita humo pia. Rangi yenu, ile ya kupikwa kwa kostiki na haidro, kwa asili yake haiyeyuki kwenye maji kabisa. Ni chengachenga. Unaweza kuikoroga mpaka kesho, itatulia chini ya ndoo kama mchanga. Haidro ndiyo inayoibadilisha: huitendea kinyume cha kile oksijeni inachofanya, na kostiki huigeuza kuwa chumvi inayoyeyuka. Katika hali hiyo rangi hupenya uzi, tena uzi wa pamba wenyewe huivuta. Ukishaitoa nguo, oksijeni ya hewani huirudisha rangi kuwa chengachenga kama mwanzo, ila safari hii iko ndani. Ni fisi wa hadithini aliyepenya tundu la zizi akiwa na njaa, akala akashiba, tumbo likamzuia kutoka. Fisi akishiba akiwa nje, hiyo ndiyo batiki yenu inayochuja.

Kwa hiyo kila kosa mnalolifanya linarudi kwenye swali moja: rangi ilikuwa imeyeyuka kweli wakati nguo inaingia? Kuongeza rangi bila kuhakikisha hilo ni kuongeza vumbi.

Mshukiwa wangu wa kwanza ni haidro yenyewe. Jina lake kamili ni sodiamu haidrosalfaiti. Karatasi nyingi za mafunzo zinazozunguka nchini zimeandika "haidrosalfeti", na herufi hizo chache zinawaponza watu, kwa sababu dukani ipo pia sodiamu salfeti, unga mweupe unaofanana nayo kwa macho, wa bei ya chini, ambao hauwezi kufanya kazi hiyo hata kidogo. Salfeti ni chumvi ya kusaidia rangi za aina nyingine. Haidro halisi ina harufu kali ya salfa ukifungua mfuko. Salfeti haina harufu. Ila msiinusie kwa kuinamisha uso kwenye mfuko, mpungie hewa kwa mkono kuelekea puani.

Hata ikiwa halisi, haidro hufa. Unyevu na hewa huimaliza polepole ikiwa imefungwa kwenye karatasi au mfuko uliopasuka, na muuzaji anayechota kwa kijiko siku nzima huku ndoo iko wazi anawauzia iliyokwisha nusu bila yeye mwenyewe kujua. Nimewahi kuharibu somo zima Iringa kwa sababu hiyo: mfuko ulikuwa umekaa wazi tangu masika, rangi ikagoma mbele ya wanafunzi, tukalaumu kitambaa kumbe ni haidro. Inunueni kwa kiasi kidogo, muiweke kwenye chombo kikavu chenye mfuniko unaokaza, mbali na maji na moto. Ikilowa kidogo inaweza kujipasha joto yenyewe hadi kuwaka, kwa hiyo isilale jikoni.

Kabla ya kugusa nguo, ijaribuni kwenye glasi. Maji ya moto kiasi cha nusu glasi, joto ambalo mkono unalivumilia kwa shida, yaani kama nyuzi 50. Weka kostiki chembe chache, koroga iyeyuke, kisha rangi kidogo sana, kisha haidro. Subiri robo saa bila kukorogakoroga. Ikiwa haidro ni hai, maji yatakuwa angavu, unaona upande wa pili wa glasi, na juu kutatanda utando mwembamba pale yanapogusana na hewa. Yakibaki na ukungu na chengachenga zikatulia chini, haidro hiyo haifai. Mara nyingi rangi ya maji hubadilika kabisa. Nili kwa mfano huwa ya kijani iliyochanganyika na njano. Lakini msitegemee hilo peke yake. Bluu ya indanthroni, ambayo René Bohn wa kiwanda cha BASF Ujerumani aliitengeneza mwaka 1901 na ikawa mama wa kundi hili zima la rangi, hubaki bluu hata ikiyeyuka. Kwa hiyo angalieni uangavu kwanza.

Kuhusu vijiko: kijiko cha nani, kimejaa kiasi gani, na ndoo ni ya lita 10 au 20? Ndoo kubwa ina oksijeni nyingi zaidi ndani ya maji yake, na haidro inaitumikia hiyo kwanza kabla ya kuifikia rangi. Kukoroga kwa nguvu na kuinuainua nguo juu ya maji huingiza nyingine. Nunueni mizani ndogo ya jikoni, mpime kitambaa kikiwa kikavu, mpime rangi kwa gramu mkifuata maelekezo ya rangi husika, maana kila moja ina mahitaji yake. Doti moja ya kitambaa chepesi cha pamba huwa karibu nusu kilo. Rangi ya kati inahitaji kama gramu 2 au 3 za rangi kwa kila gramu 100 za kitambaa. Zaidi ya hapo, kwa rangi nyingi, ni kumwaga fedha.

Na hilo beseni, ni la nini? Kama ni sufuria ya alumini, hapo pana kosa jingine. Kostiki huila alumini, huku ikitoa gesi ya haidrojeni inayowaka, na kostiki iliyokula sufuria haiko tena kwa ajili ya rangi. Tumieni plastiki ngumu, chuma kisichoshika kutu au chombo cha enameli kisichobanduka. Kostiki ndiyo inayomwagwa kwenye maji ya baridi, taratibu. Maji yasimwagwe juu ya kostiki, yatachemka na kuruka usoni. Glavu ndefu na miwani si mapambo. Ikiingia jichoni, jicho lioshwe papo hapo kwa maji mengi yanayotiririka kwa dakika 20 au zaidi, kisha hospitali bila kusubiri kuona kama itapoa.

Mmesema mwezi wa sita na wa saba ndiyo balaa, na kwangu hiyo ndiyo dalili iliyonieleza zaidi. Mbeya mjini ni kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Asubuhi za Julai joto hushuka chini ya nyuzi 10, na maji ya bomba yanauma vidole. Mafunzo mengi ya batiki yaliandikwa kwa ajili ya Dar es Salaam, ambako "maji ya kawaida" tayari yana joto la kutosha. Maji hayohayo ya kawaida kwenu ni baridi mno. Haidro inafanya kazi kwa kusuasua, rangi haiyeyuki yote, mnazamisha nguo kwa dakika zilezile za Dar, inatoka na vumbi. Lakini mkiyachemsha mnaiyeyusha nta inayozuia rangi isiingie kwenye michoro, kwa sababu nta ya mshumaa huanza kulainika kwenye nyuzi 50 na kitu. Hapo ndipo watu wa nyanda za juu mnapobanwa, kati ya nta na baridi.

Njia ya kutoka ipo. Yeyusheni rangi kwanza pembeni, kwenye chombo kidogo chenye maji ya nyuzi 50 hadi 60, pamoja na sehemu kubwa ya kostiki, iliyokwisha kuyeyushwa kwenye maji ya baridi, na haidro. Kifunikeni, msubiri dakika 15 mpaka yawe angavu. Wakati huo tayarisheni beseni kubwa la maji ya vuguvugu, nyuzi 25 hadi 30, mtie kostiki kidogo na haidro kidogo ili imalize oksijeni iliyomo. Kisha mwageni mchanganyiko mzito humo polepole, karibu na uso wa maji. Nta haitadhurika na rangi itabaki imeyeyuka. Mnaponunua rangi ulizeni zile zinazoshika kwenye joto dogo, maana katika kundi hili zipo zinazotaka nyuzi 50 hadi 60 na hizo hazifai kwa nta. Zile za joto dogo ndizo zinazohitaji chumvi ndani ya beseni. Kwa hiyo aliyewaambia chumvi hakutunga, alikosea wakati. Chumvi husukuma rangi iliyoyeyuka iache maji na kuufuata uzi. Nguo ikishatoka, chumvi haina tena cha kusukuma. Siki nayo ina heshima yake kwenye sufu, hariri na nailoni, ambako rangi za aina nyingine hushika kwenye uchachu. Kwenye pamba haikamati chochote.

Na kama nta yenu inapasukapasuka ovyo asubuhi za baridi, ongezeni nta ya nyuki kwenye mshumaa. Ni laini zaidi, haivunjiki upesi. Nyufa chache ni urembo wa batiki, ila zikizidi rangi hupita hadi kwenye maua mliyokusudia yabaki meupe.

Kuhusu kitambaa: "kotoni tupu" ya mdomoni haitoshi. Chomoeni uzi mmoja wa kwenda na mmoja wa kukata, mkauchome kila mmoja peke yake. Pamba huwaka kama karatasi, hunuka karatasi, huacha majivu laini ya kijivu yanayopukutika. Poliesta hunywea, huyeyuka, hutoa moshi mweusi na kuacha kishanga kigumu. Tetroni, ambayo ni mchanganyiko, huwaka kidogo na bado huacha ugumu. Poliesta haivimbi kwenye maji, milango yake imefungwa. Viwandani hupakwa rangi ya aina nyingine kabisa kwenye nyuzi 130 ndani ya mitambo ya mgandamizo. Kwenu Mbeya maji yanachemkia karibu nyuzi 94 kwa sababu ya mwinuko, kwa hiyo hata mkichemsha mchana kutwa hamtafika. Kama kitambaa ni tetroni, nusu ya nguo haitashika na haitakuja kushika. Kibadilisheni.

Pamba halisi nayo ikiwa mpya huwa imepakwa wanga wa kiwandani, na ile ambayo haijasafishwa ina nta yake ya asili. Dondosheni tone la maji. Likinywewa ndani ya sekunde chache, sawa. Likisimama kama umande juu ya jani la mgomba, chemsheni kitambaa kwa saa moja na sabuni na magadi ya kufulia, mkisuuze, mkikaushe, ndipo mchore nta.

Hatua ya mwisho ndiyo wengi huiruka, na ninaamini ndiyo inayowachafulia mistari myeupe. Nguo ikitoka beseni, itandazeni hewani, isikunjamane, kwa dakika 20 hadi 30, mpaka rangi irudi yote. Suuzeni. Kisha ichemsheni na sabuni, dakika 15 au zaidi, maji yakibadilishwa yakichafuka. Kwa batiki hapo ndipo mnapotoa nta pia. Joto na sabuni huondoa vumbi lote lililobaki juu, na lile lililo ndani hujikusanya kuwa chembe kubwa zaidi, zisizoweza kutoka. Hata rangi yenyewe hufikia sura yake ya kweli hapo. Msipofanya hivyo, mteja ndiye atakayelifua vumbi hilo nyumbani kwake, nalo litatua kwenye maua meupe. Kama mnatumia maji ya kisima upande wa Songwe, ambako ardhi ina mawe ya chokaa, sabuni ya mche itaganda na kuacha utando; tumieni maji ya mvua kwa hatua hii au sabuni ya unga.

Vile vipande 40 nisingevitupa. Chukueni kimoja cha kila rangi, mkichemshe na sabuni mara mbili au tatu mpaka maji yatoke safi, mkishone na kipande cheupe, mkifue tena. Kama cheupe kimebaki cheupe, kilichobaki kwenye batiki ni rangi ya kweli, hata kama imefifia; viuzeni hivyo kwa bei ya chini mkimweleza mteja. Kama bado vinachuja, au vimefifia vibaya, vizamisheni upya kwenye beseni lililopikwa vizuri, rangi moja nzito. Maua yatageuka rangi pia, lakini utapata kitambaa chenye kivuli cha michoro, na watu wanakinunua. Mkiwa na cha tetroni, msikipotezee muda.

Je, muachane na haidro? Ni swali la haki kwa kikundi kilichochoka. Zipo rangi zinazoungana na pamba kwa kifungo cha kikemia, ambazo kampuni ya ICI ya Uingereza ilizitoa sokoni mwaka 1956. Aina yake ya baridi hushika bila haidro wala kostiki, kwa chumvi na sodiamu kaboneti peke yake, zinang'aa, na nta haipati shida. Mimi huwapendekezea wanaoanza, na wenye kifua dhaifu, ingawa unga wake mkavu nao usivutwe puani. Vaeni barakoa mkipima. Kasoro zake nizitaje pia. Zinataka angalau nyuzi 20. Julai yenu mtalazimika kuifunga nguo kwenye nailoni na kuiacha ndani usiku kucha. Sehemu ya rangi huungana na maji badala ya uzi, na hiyo lazima isuuzwe hadi ikome. Jiki huzipausha, wakati zile za haidro nyingi huvumilia jiki na jua vizuri zaidi. Kwa mapazia na mashuka ya hoteli ningebaki na haidro. Kwa magauni na vitambaa vya kichwani ningejaribu hizi.

Miwati sasa. Wanaosema hivyo wana chembe ya ukweli. Magome yake yana tanini nyingi, ndiyo maana Njombe imekuwa ikizalisha dondoo lake kwa ajili ya ngozi tangu enzi za ukoloni. Tanini hushika kwenye pamba, na juu yake rangi nyingi za mimea hupata pa kujishikiza, hasa ukiongeza shabu. Ukikutanisha na chuma, unapata kijivu hadi nyeusi, ila nyeusi hiyo hula pamba miaka ikienda. Ni njia nzuri ikiwa siku moja mtataka kutengeneza batiki za rangi za asili. Kwa rangi zenu za sasa haiongezi chochote, kwa sababu haziungani na tanini. Zinahitaji tu kuingia.

Maji ya beseni mkimaliza yaacheni wazi mpaka kesho yake. Haidro itaisha, rangi itatulia chini. Yasimwagwe mtoni wala bustanini.

Mkifanya haya yote na bado nguo inachuja, acheni kununua na mtafute mtu wa kuliona beseni kwa macho. SIDO, shirika la serikali la viwanda vidogo, wapo Mbeya na Iringa na wamefundisha batiki kwa miaka mingi. Mkiwa na shaka na unga mliouziwa, Ofisi ya Mkemia Mkuu wa Serikali ina kanda yake hapohapo Mbeya. Nendeni na mfuko wa haidro kama mlivyoununua, kipande cha kitambaa ambacho hakijaguswa maji, na kipande cha batiki hiyohiyo kabla na baada ya kufuliwa mara tatu.